Sanduku Moja au Mawili? Amplifaya za Valvu, Mipaka ya Dhana na Uteuzi wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua tofauti kati ya amplifaya ya valvu iliyo katika sanduku moja na mpangilio unaotenganisha amplifaya tangulizi na amplifaya ya nguvu, kisha inaitumia tofauti hiyo kuchunguza namna Kiswahili kinavyoteua istilahi za vifaa vya sauti. Hoja inayojengwa ni kwamba idadi ya masanduku si kigezo cha kutosha cha kubainisha dhana. Yapo masanduku mawili yanayotegemea chanzo kimoja cha umeme, na yapo masanduku yanayoitwa kamili ilhali hayana hatua yoyote ya utangulizi yenye kukuza kitu. Istilahi inayotaja umbo au matokeo badala ya kazi huzaa utata, na katika vifaa vyenye mamia ya volti utata huo ni suala la usalama. Mapendekezo yanayotolewa yanawalenga waundaji wa istilahi, waandaaji wa mitaala ya ufundi na washauri wa sera ya lugha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Tuchukue sentensi moja ya maelekezo ambayo mtafsiri yeyote angeweza kuiandika bila kusita: Usiwashe amplifaya kabla ya kuunganisha kipaza sauti. Kisarufi haina dosari, na kila neno lililomo linafahamika. Hata hivyo, sentensi hii ina wasomaji wawili. Kwa wa kwanza, kipaza sauti ni kile kifaa anachokishika mhubiri au mshereheshaji. Ataunganisha maikrofoni na kuwasha. Kwa wa pili, kipaza sauti ni boksi lililowekwa pembeni mwa ukumbi, au lile tarumbeta linalofungwa juu ya mnara wa msikiti. Ataunganisha spika na kuwasha. Ikiwa amplifaya yenyewe ni ya valvu, wa pili yuko salama. Wa kwanza anaweza kuiharibu transfoma ya kutolea sauti, kwa kuwa transfoma hiyo ikikosa mzigo volteji katika nyuzi zake za upande wa valvu inaweza kupanda kupita kiwango ambacho vihami vyake vinastahimili, na cheche zikapenya. Amplifaya nyingi za transista huvumilia kuachwa bila spika. Zile za valvu hazina uvumilivu huo.

Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya mjadala, lakini utata unaouonyesha haukutungwa. Neno kipaza sauti limebeba dhana mbili kwa muda mrefu, na katika vinywa vya baadhi ya wasemaji limebeba ya tatu, yaani amplifaya yenyewe. Sababu inaonekana katika kitenzi chake. Anayepaza sauti ni mtu, kifaa humsaidia. Kupaza ni matokeo ya mnyororo mzima kuanzia kinywa cha msemaji hadi sikio la msikilizaji aliye mbali, kwa hiyo kila pingili ya mnyororo huo inaweza kudai jina hilo, na hakuna hata moja inayostahili kulimiliki peke yake.

Eugen Wüster, mhandisi wa Austria ambaye kazi yake ya mwaka 1931 huhesabiwa kuwa chimbuko la nadharia ya istilahi, alisisitiza kwamba kazi ya istilahi huanzia kwenye dhana na si kwenye neno. Kwa upande wa Kiswahili, mwongozo wa Tumbo-Masabo na Mwansoko uliotolewa na TUKI mwaka 1992 umewasaidia wengi wetu kupanga hatua za kazi hiyo. Ugumu hujitokeza pale ambapo dhana yenyewe haina mpaka ulio wazi machoni. Amplifaya ya valvu ni uwanja mzuri wa kuuchunguza ugumu huo, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 70 waundaji wake wamekuwa wakibishana iwapo viungo vyake vikae pamoja au vitengane, na kila jibu walilotoa limeacha alama katika majina.

Suala hili lina uzito mpya leo. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia hatua kama hiyo Julai 2022. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka huohuo wa 2022. Istilahi za ufundi zitakazosomwa Kampala, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi zitawakuta mafundi waliokwisha kujifunza kazi yao kwa Kiingereza au Kifaransa, wakiwa na picha tofauti za kifaa kilekile.

2.0 Valvu hufanya nini

Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, chenye kathodi inayopashwa moto na anodi inayopokea elektroni. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliongeza kiungo cha tatu, ambacho baadaye kilizoeleka kuwa gridi, kati ya kathodi na anodi. Gridi ndiyo iliyofanya ukuzaji uwezekane. Volteji ndogo inayowekwa kwenye gridi huzuia au huachia mkondo wa elektroni unaoelekea kwenye anodi, kama mlinzi wa lango anavyoamua wangapi wapite.

Hapa ndipo maelezo ya kawaida kwamba amplifaya hukuza sauti yanapopotosha mara mbili. Kwanza, ndani ya amplifaya hakuna sauti. Kuna ishara ya umeme. Pili, ishara ile ndogo haivimbi ikawa kubwa. Inabaki ndogo ilivyo, ila inaongoza mkondo mwingine mkubwa unaotoka katika chanzo cha umeme cha amplifaya yenyewe. Kinachofika kwenye spika ni umeme wa ukutani uliofinyangwa kwa umbo la ishara. Mtu akilielewa hili, ataelewa pia kwa nini swali la masanduku mangapi kwa kiasi kikubwa ni swali la vyanzo vingapi vya umeme.

Kazi hiyo hufanyika kwa hatua, na tarakimu chache zinatosha kuonyesha kwamba hatua hizo ni za aina mbili. Kichwa cha sindano ya santuri cha aina ya sumaku hutoa takribani milivolti 4. Spika ya omu 8 inayopokea wati 50 huhitaji volti 20. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna uwiano wa mara 5,000. Katika mgawanyo wa kawaida, amplifaya tangulizi huichukua ile milivolti 4 na kuifikisha volti 1, yaani mara 250. Amplifaya ya nguvu huichukua volti 1 na kuifikisha volti 20, yaani mara 20 tu. Kwa kutazama volteji peke yake, mtu angesema kazi kubwa imefanywa na ile ya kwanza.

Tukitazama nguvu, picha inageuka. Volti 1 inayoingia katika ukinzani wa omu 100,000, ambao ni ukinzani wa kawaida kwenye mlango wa amplifaya ya nguvu, hubeba maikrowati 10. Kutoka maikrowati 10 hadi wati 50 ni ongezeko la mara milioni 5. Amplifaya tangulizi hushughulika na volteji ndogo zisizobeba karibu mzigo wowote. Amplifaya ya nguvu husukuma mkondo wa ampea mbili na nusu katika kitu kizito kinachotikisa hewa. Ndiyo maana valvu zake ni kubwa, transfoma zake ni nzito na joto lake ni jingi. Katika amplifaya yenye valvu 4 za EL34, nyuzi za kupasha kathodi peke yake hutumia wati 37.8 kabla ya wimbo kuanza, kwa kuwa kila moja huchukua ampea 1.5 kwa volti 6.3.

Aidha, amplifaya tangulizi si amplifaya ndogo inayotangulia kubwa. Ina kazi ambazo nyenzake hana kabisa: kuchagua chanzo, kupunguza au kuongeza kiwango cha sauti, na, kwa santuri, kurekebisha ishara. Santuri huchongwa sauti nzito zikiwa zimepunguzwa na nyembamba zikiwa zimeongezwa, na kanuni ya marekebisho iliyowekwa na chama cha warekodi wa Marekani mwaka 1954 hurudisha uwiano wakati wa kusikiliza. Bila kazi hiyo, santuri husikika kama redio ndogo iliyofungiwa ndani ya kopo.

3.0 Historia ya kutengana

Aprili 1947 jarida la Wireless World la Uingereza lilichapisha mchoro wa D. T. N. Williamson wa amplifaya ya wati 15 yenye jozi ya valvu za KT66. Mchoro huo ulikuwa wa amplifaya ya nguvu tu. Mwaka 1949 Williamson alichapisha michoro ya hatua za utangulizi za kuambatana nayo. Kwa hiyo msomaji aliyetaka kujijengea chombo kamili alikutana na vitu viwili tofauti, vilivyochapishwa kwa nyakati tofauti, na mazoea ya kuvifikiria hivyo yakakua.

Kulikuwa na sababu za kawaida za nyumbani pia. Amplifaya ya nguvu ni nzito, ina joto na haina kitu cha kuguswa mara kwa mara. Inaweza kufichwa chini ya kabati. Vifundo vya kuchagulia na kupunguzia sauti vinatakiwa viwe karibu na mkono. Mpangilio wa masanduku mawili ulitokana na umbo la kabati la sebuleni kama ulivyotokana na sayansi, na huenda zaidi.

Mwaka 1953 Peter Walker alitoa amplifaya ya Quad II pamoja na kitengo cha vidhibiti cha QC II. Kwa mtazamaji, hivi ni vyombo viwili. Lakini QC II haikuwa na chanzo chake cha umeme. Ilipata volteji ya kupashia kathodi na volteji ya juu ya anodi kutoka ndani ya Quad II, kupitia waya wenye nyuzi kadhaa. Leak, kampuni nyingine ya Kiingereza, ilifuata utaratibu kama huo: amplifaya yake ya Stereo 20 ililisha pia kitengo cha utangulizi. Wamarekani hawakuwa na msimamo mmoja. Marantz Model 7, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1950, ilibeba chanzo chake ndani, na ingeweza kusimama mbele ya amplifaya yoyote ya nguvu.

Tuiweke Model 7 kando ya QC II. Zote mbili ni masanduku yaliyotengwa na amplifaya ya nguvu. Moja inajitegemea, nyingine ni kiungo kilichorefushwa nje ya mwili. Ukiikata QC II na Quad II inayoilisha, haifanyi kazi, wala huwezi kuiunganisha na amplifaya isiyo na tundu la kuilisha. Kwa kigezo cha umbo ziko kundi moja. Kwa kigezo cha umeme, QC II iko karibu zaidi na amplifaya ya sanduku moja kuliko ilivyo karibu na Model 7.

Santuri za stereo zilipoingia sokoni mwaka 1958, hesabu ya masanduku ilivurugika tena. Mwenye Quad II moja alihitaji ya pili, na kitengo kipya cha QC22 cha mwaka 1959 kilidhibiti zote mbili. Masanduku sasa yakawa matatu. Mwaka huohuo Dynaco ya Marekani ilitoa Stereo 70, amplifaya ya nguvu yenye njia mbili za wati 35 kila moja juu ya bati moja, iliyouzwa pia kama vipande vya kujiungia nyumbani. Kampuni hiyohiyo baadaye iliuza SCA-35, chombo cha sanduku moja chenye wati 17.5 kwa kila njia. Nusu kamili ya nguvu, pamoja na hatua zote za utangulizi, katika nafasi ndogo zaidi. Hapa mnunuzi aliweza kuona kwa macho kile alichokipata na kile alichokiacha.

Badiliko lililovuruga dhana yenyewe lilikuja mwaka 1982 pamoja na diski ya kidijitali. Kichezeshi chake hutoa takribani volti 2. Amplifaya ya nguvu inayohitaji volti 1 tayari imetoshelezwa. Haihitaji kukuziwa chochote, inahitaji kupunguziwa. Ndiyo sababu amplifaya nyingi za valvu zinazouzwa leo kama za sanduku moja ni, kwa ndani, amplifaya za nguvu zilizoongezewa swichi ya kuchagua chanzo na kifundo cha ukinzani mlangoni. Hatua ya utangulizi imebaki kama jina. Kazi zake za kuchagua na kudhibiti zipo. Kazi ya kukuza haipo.

4.0 Kila mpangilio na gharama yake

Washabiki wa vyombo hivi hupenda kusema kwamba masanduku yaliyotengwa ni bora. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kauli hiyo haithibitiki ikiachwa hivyo, kwa kuwa kutenga hutatua matatizo fulani kwa kuzalisha mengine.

Linalotatuliwa ni la mwingiliano. Transfoma ya umeme wa hezi 50 hutawanya uga wa sumaku, na uga huo ukifika kwenye valvu inayoshughulika na milivolti 4 husikika spikani kama mvumo. Umbali ndio dawa rahisi zaidi. Vilevile hatua ya nguvu inapochota mkondo mwingi kwa ghafla, volteji ya chanzo hushuka, na hatua za utangulizi zinazokula katika chungu hichohicho huyumba. Mchujo wa ukinzani na kapasita huwekwa kati yao ili kupunguza athari hiyo. Mchujo usipotosha, au kapasita zikizeeka, ishara huzunguka kupitia chanzo na kujirudia yenyewe, na spika hutoa mtutumo wa taratibu ambao mafundi wa Kiingereza huufananisha na mashua ya injini. Anayeishi kando ya ziwa ataukubali ufananisho huo mara moja.

Linalozalishwa ni la waya. Masanduku mawili huunganishwa kwa kebo, na kebo ina tabia ya kapasita, takribani pikofaradi 100 kwa mita. Hatua ya ECC83 inayotoa ishara moja kwa moja kutoka kwenye anodi inaweza kuwa na ukinzani wa kutolea wa omu 50,000 hivi. Ikiunganishwa na kebo ya mita 3, sauti nyembamba huanza kupungua kwenye kilohezi 10.6, ndani kabisa ya eneo ambalo sikio changa linasikia. Ikiongezwa hatua ya kutolea kwenye kathodi, yenye ukinzani wa omu 1,000, kikomo hicho hupanda hadi kilohezi 530 na tatizo hutoweka. Kwa maneno mengine, valvu ya ziada imeongezwa kwa sababu tu masanduku yametengana. Katika sanduku moja, ambako waya ni wa sentimita chache, isingehitajika.

Pia kuna suala la ardhi. Vyombo viwili vyenye plagi mbili vinaweza kufungamana ardhi kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kupitia nyaya za umeme na kupitia ngao ya kebo, na mzunguko huo hunasa mvumo uleule uliokusudiwa kuepukwa. Inafurahisha kwamba Quad, kwa kukilisha kitengo chake cha vidhibiti kutoka katika amplifaya, ilihitaji plagi moja tu. Utegemezi ambao mtu angeuhesabu kuwa upungufu ulikuwa pia na faida yake.

5.0 Kutoka vyombo hadi istilahi

Je, Kiswahili kiite nini vitu hivi? Nianze na valvu, kwa kuwa picha tatu zinashindana. Kiingereza cha Uingereza kilichagua picha ya lango. Kiingereza cha Marekani kilichagua picha ya mrija. Kifaransa cha kila siku kilichagua picha ya taa, na fundi wa Bujumbura au Lubumbashi aliyefunzwa kwa lugha hiyo ana sababu nzuri ya kuita amplifaya hii amplifaya ya taa. Mbili kati ya picha hizi hutaja kinachoonekana: kioo kirefu, mwanga mwekundu. Moja hutaja kazi. Ninapendekeza valvu, si kwa heshima ya Waingereza, bali kwa sababu dhana ya kufungua na kufunga mkondo ndiyo inayomsaidia mwanafunzi kuelewa sura ya pili ya kitabu chake. Taa humwambia tu kwamba kitu kinang'aa. Neno neli lingeweza kutumika kwa mrija, lakini limekwisha kushikwa na mabomba.

Kuhusu jina la jumla, amplifaya linafaa kubaki. Kikuza sauti lina mvuto wa uwazi, ila uwazi wake ni wa uongo, kwa kuwa, kama ilivyoelezwa, sauti haimo na ukuzaji si wa kitu kile kile. Isitoshe amplifaya hutumika pia kwa ishara zisizo za sauti, katika mawasiliano na katika vipimo vya hospitali. Jina la jumla lisiloegemea sauti huruhusu familia nzima ya istilahi kujengwa juu yake.

Amplifaya tangulizi halina tatizo kubwa, mradi fasili yake itaje kuchagua, kudhibiti na kurekebisha, na isiishie kwenye kukuza. Fasili inayodai ukuzaji kuwa sharti ingeviondoa vitengo vyote vya zama za diski ambavyo havikuzi chochote.

Amplifaya ya nguvu ndilo lenye mtego wa kikanda. Nguvu katika lugha ya kawaida ni pana mno; fizikia ya shuleni imelazimika kutenga kani, na kwa nishati Tanzania husema nishati ilhali Kenya husema kawi, hadi kwenye majina ya wizara. Mtafsiri wa Nairobi anaweza kushawishika kuandika amplifaya ya kawi. Huo utakuwa upotofu wa dhana na si tofauti ya lahaja tu, kwa sababu kipimo kinachohusika ni wati, yaani kasi ya kutoa nishati, wala si nishati yenyewe. Ninatetea nguvu, nikikiri kwamba neno hilo linabeba mzigo ambao kamusi za fizikia bado hazijalitua.

Kwa chombo cha sanduku moja kuna wagombea watatu: unganifu, changamano na jumuishi. Unganifu hudokeza vitu viwili vilivyofungwa pamoja, na QC II pamoja na Quad II ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Neno lingeangukia upande usiotakiwa. Changamano hudokeza ugumu, na chombo hiki mara nyingi ni rahisi zaidi. Jumuishi limezoeleka katika elimu jumuishi, kwa maana ya kutomwacha mtu nje, lakini kiini chake, kukusanya mahali pamoja chini ya utaratibu mmoja, kinalingana na kile kinachotokea ndani ya bati moja lenye chanzo kimoja cha umeme. Napendekeza amplifaya jumuishi, kwa fasili hii: amplifaya ambayo ndani ya umbo moja na kwa chanzo kimoja cha umeme huchagua chanzo cha ishara, hudhibiti kiwango chake na kutoa nguvu ya kuendeshea spika. Sharti la hatua ya ukuzaji wa awali halimo, na limeachwa kwa makusudi. Amplifaya za gitaa ambazo hubeba na spika ndani yake hazimo katika fasili hii. Zinahitaji jina lao.

Linalobaki ni kinyume cha jumuishi, na hapa nashauri tusiunde neno. Amplifaya tenganifu ingeonekana kukamilisha jozi vizuri, na wanakamati wengi wangelifurahia. Lakini hakuna kifaa chenye jina hilo. Kuna amplifaya tangulizi, kuna amplifaya ya nguvu, na kuna mpangilio unaovitumia viwili hivyo vikiwa vimetengana. Kutengana ni uhusiano kati ya vifaa. Mwanafunzi akiambiwa alete amplifaya tenganifu kutoka stoo, hatajua alete kipi. Tuseme mpangilio wa amplifaya zilizotengana. Ni mrefu, na unasema kweli.

6.0 Forodha, lebo na waya

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umejengwa juu yake, una kichwa cha 8518. Chini yake, 8518.10 ni maikrofoni, 8518.21 na 8518.22 ni spika, 8518.40 ni amplifaya za masafa ya sauti, na 8518.50 ni seti kamili za kukuzia sauti. Vitu vitatu ambavyo kipaza sauti huvifunika kwa pamoja vina namba tofauti katika tamko la forodha. Karani anayeandika kipaza sauti kwenye maelezo ya Kiswahili hajaandika kitu kinachoweza kukaguliwa. Valvu zenyewe, zikija kama vipuri, ziko mbali kabisa, chini ya 8540.

Pendekezo langu kuhusu neno lenyewe si kulifuta. Lina umri na lina watu. Kwa kuwa kupaza ni kazi ya mnyororo mzima, mahali pake sahihi ni 8518.50: seti ya kipaza sauti, yaani maikrofoni, amplifaya na spika vikiuzwa kama kitu kimoja. Kwa pingili mojamoja, maikrofoni na spika yatumike bila aibu ya ukopaji. Kuwepo kwa Spika wa Bunge hakujawahi kumchanganya fundi yeyote.

Lebo za maonyo zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi ya forodha, na neno linalonitia wasiwasi zaidi hapo ni dogo: waya. Katika mpangilio wenye Model 7, waya unaounganisha masanduku mawili hubeba volti 1 hivi. Katika mpangilio wa Quad II na QC II, mmoja wa nyaya zinazounganisha masanduku hubeba mamia ya volti. Maelekezo yanayosema chomoa waya wa kuunganishia hayawezi kuwa salama kwa vyote viwili. Istilahi mbili zinatakiwa, kebo ya ishara na kebo ya ugavi, na mitaala ya vyuo vya ufundi izifundishe kabla ya mwanafunzi kukabidhiwa bisibisi. Pamoja nazo iwekwe kanuni kwamba neno zima halitoshi kuwa onyo la hatari ndani ya amplifaya ya valvu: kapasita za chanzo zinaweza kushikilia chaji baada ya swichi kuzimwa na plagi kutolewa ukutani, na lebo inapaswa kusema zima, chomoa, subiri, pima, kwa mpangilio huo, kwa vitenzi vinne.